Dada wa Njia ya Uyoga

Kitongoji cha Mninga, Kasekese
9 Desemba 2024

Mzee Telesfori Kasonso,
Shikamoo.

Mimi ni Joséline Barampama, mhadhiri wa saikolojia kutoka Bujumbura. Tangu Oktoba nimekuwa mgeni katika idara uliyofundisha wewe kwa miaka mingi. Wamenipa meza iliyo karibu na dirisha linalovuja, na wenzangu wanasema meza hiyo ilikuwa yako. Kwa hiyo tuna undugu wa aina fulani: tumelowana maji yaleyale.

Utafiti wetu wa pamoja unahusu namna watu wanavyokumbuka kuhamishwa makazi. Mkuu wa idara aliniambia ni utovu wa adabu kufanya kazi Katavi bila kukusalimu, kwa kuwa wewe ni mtu wa huku na uliwahi kufanya utafiti katika kitongoji hiki hiki. Aliniambia pia kwamba ugonjwa wa koo umekunyang'anya sauti, nisipige simu, niandike. Na huku kwenyewe mtandao hakuna. Barua hii anakuletea Celestin wa bodaboda, anayepeleka mchele Mpanda kila apatapo mzigo.

Nimepanga kwa Mama Scolastica, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo mwenye ulimi mkali na mkono wazi. Juzi jioni mjukuu wake Happiness, mtoto wa miaka sita, alichelewa kurudi msituni alikokwenda na wenzake kutafuta uyoga. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Nikaanza kuhangaika.

"Mbona hamwiti?" nikauliza.

Mama Scolastica alikuwa anapuliza moto. "Mgeni, kaa chini. Huku hatuiti."

"Na kama amepotea?"

"Kama amepotea, Dada atamleta. Ukipiga kelele utamshtua Dada, amwachie mtoto njiani. Nyie watu wa mjini mnapenda sana kelele."

Akachota uji wa ulezi kwenye bakuli, akaenda kuuweka juu ya kichuguu kilichopasuka, pale msitu unapoanzia. Giza lilikuwa halijaingia vizuri, Happiness akatokea, uyoga kaukunja kwenye sketi, akanicheka: "Mama Bujumbura alitaka kulia! Bibi, mtazame macho!"

Nimeuliza huyo Dada ni nani. Wamenijibu kana kwamba nimeuliza jua ni nini. Ni msichana wa msituni, huwarudisha watoto waliopotea. Lakini kuna jambo limenishangaza, Mzee wangu. Kwa kawaida habari za namna hii wazee ndio wanazijua na vijana wanazicheka. Hapa ni kinyume. Wenye miaka sabini wanasema utotoni mwao hawakumsikia kabisa. Wanaosema wamemwona ni wa umri wa Mama Scolastica kushuka chini.

Je, ulipokuwa hapa ulimsikia?

Wako mtiifu,
Joséline Barampama


Kawajense, Mpanda
12 Desemba 2024

Binti yangu Joséline,
Marahaba.

Nimefurahi kupata barua iliyoandikwa kwa kalamu. Siku hizi mtu anayenitembelea huongea kwa sauti kubwa na polepole, kana kwamba nilichopoteza ni masikio. Binti yangu Dafrosa ndiye anayenihudumia. Ananilisha kwa mpira ulioingizwa tumboni, ananikaripia kwa upendo, na anadhani sijui kwamba daktari alimwambia sitafika Pasaka.

Karibu kwenye meza yangu. Usiweke vitabu upande wa kushoto.

Hilo la msichana lisikusumbue. Kila msitu una kitu chake cha kuwatuliza watoto, nawe umekuja kwa ajili ya kumbukumbu za kuhama, kazi ambayo ni kubwa na njema. Wasikilize wazee wa kabla ya vijiji. Wao ndio wanaokwisha, kama mimi.

Nakuuliza tu kwa udadisi wa mtu mgonjwa asiye na kazi: wanasema huyo msichana amevaa nini? Na mkononi ana nini?

Usiwaulize watoto kwa namna ya kuwapa jibu. Waache waseme wenyewe.

Telesfori Kasonso


Kitongoji cha Mninga, Kasekese
17 Desemba 2024

Mzee wangu,
Shikamoo.

Nilifanya kama ulivyoagiza. Nilikaa na kila mtu peke yake, nikauliza swali moja tu, "Niambie kuhusu Dada," kisha nikanyamaza.

Wote wanasema gauni la njano. Wote wanasema kindoo kidogo cha bati kisicho na mkono, anakibeba kichwani. Njia wanayomkutia ni ileile: unapita kichuguu kilichopasuka, unapita jiwe linalofanana na ng'ombe aliyelala, unashuka hadi kijito kikavu. Watoto huifuata njia hiyo makusudi wakitaka kumwona. Ni mchezo wao. Wanaiita njia ya uyoga, ingawa uyoga wenyewe uko upande mwingine.

Mama Scolastica anasema alimwona mwenyewe akiwa na miaka tisa. "Alinishika hivi," akanionyesha kwa kunishika mkono. "Mkono wake ulikuwa wa baridi, na vidole viwili vya mwisho vimeungana, kama vya bata. Nilicheka. Akacheka na yeye."

Vidole hivyo vilivyoungana nimevisikia kwa watu wengine saba, watoto na watu wazima. Wanasema pia kwamba hamwiti mtu. Hupiga mluzi kupitia kwenye pengo la meno. Na kila anayerudishwa naye anasema kabla hajaachwa pale kwenye kichuguu, Dada humwuliza swali moja: "Tele ameshakula?"

Nilimwuliza Mama Scolastica huyo Tele ni nani.

"Labda mbwa wake," akasema. "Mimi nilimjibu ameshakula, ili aniache niende zangu. Na wewe ukikutana naye mjibu hivyohivyo, usimletee saikolojia."

Tele si jina la kawaida, Mzee. Sitaki kusema zaidi.

Lakini kuna jambo jingine, na hili halichekeshi. Kuna mama hapa anaitwa Minza, alikuja na mume wake kutoka Usukumani kulima mpunga. Mvua za mwaka juzi mtoto wake Amosi aliingia msituni akiwa na miaka saba. Hawakumtafuta. Waliweka uji, wakasubiri. Minza alitaka kwenda kuita, majirani wakamshika kwa upole, wakamkalisha. Hadi leo anaweka bakuli kila jioni. Nilipomwuliza Amosi yuko wapi, alinijibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Bado anamleta. Njia ni ndefu."

Mzee wangu, tafadhali. Kama unajua chochote, niambie.

Joséline


Kawajense, Mpanda
21 Desemba 2024

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini ya mto, nikaitoa tena. Dafrosa ameniuliza kama nimepata mchumba Bujumbura.

Nitakuambia. Kisha nitakuomba unyamaze hadi nizikwe. Si muda mrefu.

Mwaka 1991 idara yetu ilipata ushirikiano na chuo kimoja cha Ulaya. Alikuja Profesa Hedvig, mama mrefu, mchapakazi, mwenye moyo mzuri. Alitaka kujua kama mtoto anaweza kukumbuka jambo ambalo halikumtokea. Utaratibu ulikuwa hivi: unamwuliza mama wa mtoto mambo matatu ya kweli, unaongeza la nne la uongo, mama anakubali kutunza siri. Kisha kila wiki unamwuliza mtoto, "Unakumbuka hili? Na hili?" Kwao Profesa aliwaambia watoto kwamba waliwahi kupotea katika duka kubwa.

Nikamwambia, "Profesa, watoto wa Kasekese duka lao ni kibanda cha chumvi na viberiti. Ukipotea humo umepotea nyuma ya mlango." Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Basi tunga wewe, Telesfori. Wewe ndiye mwenyeji."

Nikatunga. Ulikwenda kutafuta uyoga, ukapotea. Ukapita kichuguu kilichopasuka, na jiwe la ng'ombe, ukashuka hadi kijito kikavu. Hapo akatokea msichana mwenye gauni la njano na kindoo kisicho na mkono, akakushika mkono, akakurudisha. Mama yako akaweka uji juu ya kichuguu kumshukuru.

Wiki ya kwanza watoto walitikisa vichwa. Wiki ya tatu wengi walikuwa wanakumbuka. Wiki ya tano walikuwa wananisahihisha mimi. Scolastica alikuwa mmoja wao, mtoto mwenye maneno mengi kuliko wote.

Mwishoni tulipaswa kuwakusanya na kuwaambia kwamba halikutokea. Wageni walikuwa na ndege ya kuwahi, mvua ilikuwa imekata barabara, kazi hiyo ikaachwa kwangu. Niliwaambia wageni nimeifanya. Sikuifanya. Makala ikatoka, nikapandishwa cheo, nikarudi Kasekese mara mbili au tatu nikijifanya nina kazi, nikaketi na watoto wale nisikilize wanavyosema wamemwona. Akina mama walidhani nitawaambia mimi, mimi nikanyamaza, na nadhani baada ya miaka michache hata wao hawakuwa na uhakika tena.

Hiyo ndiyo habari. Msichana huyo nilimtengeneza mezani, kwenye dirisha linalovuja.

Lakini sikuandika vidole. Sikuandika mluzi. Na swali lile halikutoka kwangu. Nimekaa na swali hilo usiku na mchana, Joséline, na sina maelezo ya kitaalamu ya kukupa.

Kuhusu mtoto wa Minza, sikujua. Naapa sikujua kwamba wameacha kutafuta.

Usimwambie mtu. Niache niondoke nikiwa bado Mwalimu.

Telesfori


Kitongoji cha Mninga
3 Januari 2025, asubuhi

Mzee,

Happiness hayupo tangu jana mchana. Alikwenda njia ya uyoga peke yake. Aliniambia mimi kabla ya kuondoka, "Naenda kumwona Dada, nitakuletea uyoga." Nilikuwa napanga karatasi zangu, nikamwambia haya, nenda.

Imenyesha usiku kucha. Hakuna aliyetoka kumtafuta. Nimepita nyumba kwa nyumba nikiomba. Wananipa kiti. Mwenyekiti wa kitongoji ameniambia, "Mwalimu, hata sisi tunampenda huyu mtoto. Ndiyo maana tumekaa kimya."

Niliingia mwenyewe msituni na Celestin, nikaita jina lake hadi sauti ikanikauka. Tuliporudi, mama wawili walikuwa wananilaumu kwa macho. Mama Scolastica hakunilaumu. Amekaa kando ya bakuli la uji, amejifunika kanga. Nilimwambia, "Twende tukamtafute." Akasema, "Nataka. Lakini nikienda, nikamshtua, itakuwa mimi ndiye niliyemuua."

Umeniomba ninyamaze na nimenyamaza. Sasa siwezi. Nikiwaambia mimi, ni mgeni anayetukana kumbukumbu zao. Lazima yatoke kwako, kwa mkono wako mwenyewe, ili wajue ni wewe.

Celestin atakusubiri mlangoni. Tafadhali usimrudishe mikono mitupu.

Joséline


Kawajense, Mpanda
3 Januari 2025

Isomwe kwa sauti mbele ya watu wote wa Mninga.

Mama Scolastica, baba zangu, mama zangu, na nyie mliokuwa watoto wakati ule,

Ni mimi Mwalimu Telesfori, yule wa peremende na maswali. Dafrosa angeweza kutuma ujumbe kwa simu kwa mtu wa barabara kuu, penye mtandao, awaletee, lakini sitaki binti yangu ajue haya kwa mara ya kwanza kwenye simu. Naandika haraka, Celestin anasubiri na pikipiki haijazimwa.

Habari za msichana wa msituni niliwaambia mimi. Mwaka 1991 nilikaa na kila mmoja wenu nikamwambia kwamba alipotea akarudishwa. Hamkupotea. Hakuna aliyerudishwa. Ilikuwa kazi ya chuo kutazama kama mtakumbuka, na nilipaswa kuwaambia, nami nikaenda zangu. Mnaweza kunilaani baadaye.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hili hata Joséline sijamwambia.

Kabla ya Operesheni Vijiji, kabla yenu kuletwa hapo, nyumba yetu ilikuwa upande huo wenu wa kijito kile kikavu. Nilikuwa na dada, Yustina. Sisi tulimwita Yusta. Gauni lake lilikuwa la njano, la misheni. Kindoo chake hakikuwa na mkono. Vidole vyake viwili vya mwisho vilikuwa vimeungana, na mimi alikuwa ananiita Tele. Yeye alikuwa na miaka kumi, mimi saba.

Siku hiyo tulikwenda kutafuta uyoga. Baba alitukataza kuvuka kijito kwa sababu upande wa pili kulikuwa na shimo la wapasua mbao, lile ambalo mpasuaji mmoja husimama ndani na mwingine juu ya gogo. Lina kina kupita urefu wa mtu, na udongo wa huko ni mgumu kama tofali. Mimi ndiye niliyevuka. Yusta alinifuata kunirudisha. Nyasi zilikuwa zimefunika mdomo wa shimo, akaingia yeye, mguu ukavunjika.

Tulikuwa na kiazi kimoja cha kuchemsha. Alikuwa nacho yeye. Akanirushia kutoka ndani, akasema, "Tele, kula kwanza upate nguvu, halafu kimbia ukamwite Baba." Nilikaa juu ya shimo nikala. Kisha nikakimbia. Na nilipomwona Baba na fimbo yake nikasema Yusta amekwenda kwa shangazi.

Walipoanza kumtafuta, walimtafuta njia ya kwa shangazi. Niliwaacha. Kila siku niliyonyamaza ilifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi, kisha mvua zikawa kubwa, kisha ikawa haina maana tena kusema. Wazazi wangu walikufa bila kujua. Mke wangu alikufa bila kujua. Binti yangu nimemwambia nilizaliwa peke yangu.

Nilipoambiwa nitunge uongo wa kuwapa watoto, sikuwa na uongo mwingine kichwani. Nikamtoa Yusta shimoni, nikamfanya awarudishe watoto wa watu nyumbani. Mliposema mmemwona, kwangu alikuwa mzima, hajakua, hajakufa. Ndiyo maana sikuwaambia ukweli. Si kwa sababu ya mvua wala barabara.

Lakini njia niliyowapa ni njia yenyewe. Kichuguu, jiwe la ng'ombe, kijito. Niliichukua kama ilivyo, kwa uvivu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa naijua. Mtoto anayeifuata hadi mwisho anafika shimoni. Nimewaelekeza watoto wenu huko kwa miaka thelathini na tatu.

Basi ondokeni hapo mlipokaa. Vukeni kijito mahali kinapopinda, nendeni kuelekea jua linapochomoza, mtaona visiki viwili vikubwa vya mninga. Shimo liko katikati. Chukueni kamba. Mwiteni kwa nguvu, mpige kelele zote mlizonazo. Hakuna mtu wa kumshtua.

Minza, mama yangu, wewe sikujui. Nenda na wewe.

Telesfori Kasonso


Kitongoji cha Mninga
6 Januari 2025

Mzee wangu,
Shikamoo.

Happiness ni mzima. Naanza na hilo ili usiendelee kusoma kwa hofu.

Celestin alikwama kwenye matope, akafika kukikaribia kucha. Niliisoma barua yako Jumamosi alfajiri, watu wote wamesimama uwanjani kwa Mama Scolastica. Nilipomaliza, Minza akatembea hadi kwenye kichuguu, akachukua mabakuli ya uji, lake na la Scolastica, akayapiga chini moja baada ya jingine. Akachukua jembe, akaingia msituni akiita, "Amosi! Amosi! Happiness!" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeifungia miaka miwili. Ndipo wote wakamfuata, wanapiga madebe, wanapiga kelele, hata watoto.

Visiki tulivikuta. Shimo pia.

Alikuwa ndani, amekaa kwenye udongo ulioinuka pembeni, maji yakiwa chini yake. Mguu umeteguka. Mwenyekiti alishuka kwa kamba akampandisha. Mama Scolastica alimkumbatia, akamchapa kofi la mgongoni, akamkumbatia tena.

"Ulikuwa unafanya nini humo, mtoto wewe?"

"Nilikuwa na Dada," Happiness akasema. "Alinikataza kulala. Kila nikisinzia ananipigia mluzi."

Mvua ilinyesha siku mbili usiku kucha, Mzee, na shimo lile lilijaa hadi kiunoni mwa mtu mzima. Sijui mtoto wa miaka sita anakaaje macho muda wote huo. Pembeni yake kulikuwa na kindoo cha bati kilicholiwa na kutu, hakina mkono. Anasema Dada alikuwa anamnywesha humo.

Maji yalipopungua walishuka tena. Mifupa ipo. Ni ya watoto wawili. Sandali moja ya plastiki Minza aliitambua. Hakulia mbele yetu. Aliniambia nikuandikie haya, na nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie sijamsamehe. Lakini amenionyesha mwanangu alipo." Kesho tutazika wote wawili, Amosi na Yustina, kando ya kanisa. Katekista amekubali.

Mama Scolastica naye ana neno. Nilimwuliza kama amekuelewa, kwamba hakuwahi kupotea, kwamba ule mkono hakuushika. "Mwalimu anasema hakuandika vidole," akasema. "Sasa mimi vidole nilivitoa wapi? Yeye alitunga. Mimi nilimwona."

Nikafunga daftari langu.

Nimebakiza jambo moja. Tulipokuwa tunarudi, Happiness mgongoni kwangu, nilimwuliza kama Dada alimwuliza lile swali lake. Akasema ndiyo.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia simjui huyo Tele. Akasema basi, ataenda kumwuliza mwenyewe."

"Lini?"

"Leo. Mliponitoa, na yeye akatoka."

Pumzika, Mzee wangu. Nitakuja Kawajense wiki ijayo. Tutakaa tu, huhitaji kuandika.

Binti yako,
Joséline


Kawajense, Mpanda
8 Januari 2025

Dokta Joséline,

Mimi ni Dafrosa, binti wa Mzee Telesfori. Barua yako ya tarehe sita imefika leo, lakini Baba hakuipata. Alifariki Jumamosi na tumemzika jana. Nairudisha kwako kwa mkono wa Celestin bila kuifungua. Ilikuwa ya Baba, naona si haki yangu kuisoma.

Nakushukuru kwa barua zako. Zilimpa kazi. Ile aliyoandika Ijumaa ilimchosha sana, aliandika akilia, hakutaka nikae karibu.

Nataka nikueleze alivyoondoka, kwa kuwa wewe ni mtaalamu wa mambo ya akili na mimi sina wa kumwuliza. Jumamosi nilikuwa uani naanika mpunga, jua lilikuwa limetoka kidogo baada ya mvua. Baba alikuwa ameomba uji kwa ishara. Nilimkatalia, maana tangu Septemba hapitishi kitu kooni. Akang'ang'ania kama mtoto. Nikamwekea bakuli kando ya kitanda ili tu aridhike, nikatoka.

Nikiwa nje nilisikia mtu anapiga mluzi karibu na dirisha lake. Nilidhani ni watoto wa jirani, nikawafokea waache mgonjwa apumzike. Kisha nikamsikia Baba anaongea.

Dokta, Baba hakuwa na sauti. Daktari alishakata kile kinachotoa sauti. Mimi mwenyewe nilionyeshwa picha. Lakini ilikuwa sauti yake, ile ya zamani ya darasani, ila nyepesi zaidi, kama ya mtoto. Alisema, "Nimeshakula, Yusta. Nimeshakula. Twende."

Nilipoingia alikuwa ameshakata roho, anatabasamu. Bakuli lilikuwa tupu, limefutwa safi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umening'inia nje ya kitanda, vidole vimekunjwa kama mtu aliyeshikwa mkono.

Kwenye ukoo wetu hatuna Yusta. Baba alikuwa mtoto wa pekee, na nimewauliza wazee waliokuja msibani, hakuna anayemjua. Lakini kwa jinsi alivyomjibu, ni mtu aliyekuwa anamfahamu sana.

Kama wewe unamfahamu huyo Yusta, au unajua anakoishi, tafadhali nielekeze. Nisingependa akae bila kupewa taarifa ya msiba.

Dafrosa Kasonso